Bolti Iliyokusudiwa Kukatika

Plau ikigonga jiwe, dereva hulaani bahati yake. Slasha ikigonga jiwe, hakuna cha kushangaa, maana imetumwa huko huko. Anayeifunga nyuma ya trekta anaipeleka mahali asipopaona: nyasi zinamfika kiunoni, na ndani yake pana kisiki cha mkorosho, kichuguu, waya wa uzio ulioanguka, au kipande cha reli nyembamba iliyokuwa ikibeba majani ya mkonge zamani. Juu ya vyote hivyo linapita bati nene la chuma, na chini ya bati visu viwili vinazunguka. Shafti ya trekta inatoa mizunguko 540 kwa dakika. Gia boksi ya slasha, kwa mashine nyingi za futi tano, huipandisha hadi karibu 1,000. Piga hesabu utaona kwamba ncha ya kisu inakwenda karibu mita 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Hata madereva wa mabasi ya Tanga na Dar es Salaam, ambao wamesemwa mengi, hawajafika huko.

Waliobuni chombo hiki hawakujidanganya kwamba shamba ni uwanja wa mpira. Visu vyake havikukazwa. Vinaning'inia kwenye bolti nene, na kinachovinyoosha ni nguvu ya mzunguko tu. Kisu kikikuta kisichokatika, hujikunja nyuma kikapita. Katikati, kwenye mashine nyingi, pamewekwa sahani ya chuma iliyobinuka, ili panapokuwa na kisiki slasha ipande juu yake na kuteleza. Yote hayo yakishindwa, inabaki bolti moja kwenye propela shafti, inayounganisha trekta na gia boksi. Bolti hiyo ni laini kwa makusudi. Ndiyo inayokatika. Injini inaendelea kunguruma, shafti inazunguka bure, visu vinasimama. Dereva anashuka, anapapasa mfukoni, anaweka nyingine. Hasara yote imeishia kwenye kitu cha bei ya soda.

Vyombo vingi tunavisifu kwa kutovunjika. Hiki kimechaguliwa mapema mahali pa kuvunjikia, na mimi naona hapo ndipo penye akili yake yote. Kwa hiyo anayekwenda kununua slasha iliyotumika hana haja ya kuuliza kama iliwahi kugonga kitu. Iligonga. Anachotafuta ni kujua kama waliokuwa nayo waliiacha ikatike pale ilipopangiwa.

Tanga ni mahali pazuri pa kuitafuta slasha kuukuu, na sababu imo kwenye historia ya vichaka vyake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya nchi nzima ijulikane kwa kamba, hadi uzalishaji ukakaribia tani 230,000 mwaka 1964. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi. Ardhi iliyobaki haikukaa ikisubiri. Vichaka vilirudi katikati ya mistari ya mkonge, kisha juu ya mistari yenyewe, na ubinafsishaji ulipokuja, wenye mashamba wapya walikuta kazi ya kwanza ni kufyeka. Slasha zikanunuliwa, zikatumika, zikabadilisha mikono pamoja na mashamba. Daftari la matengenezo halikuhama nazo.

Ile tuliyokwenda kuiona kwa ajili ya shamba letu la michungwa ilikuwa kwenye banda la shamba moja upande wa Muheza, si mbali na kwetu. Nilikwenda na fundi ambaye nimemfahamu tangu alipokuwa akitengeneza pampu za maji. Mwenye ufunguo wa banda alikuwa mtunza stoo, mzee wa umri wa kustaafu, kofia ya kiua kichwani, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kuiona au kuinunua?"

"Kuiona kwanza, mzee wangu," fundi akajibu, akaanza kuizunguka akiwa ameweka mikono mgongoni.

Ilikuwa nyekundu, inang'aa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na aliyeipaka rangi aliijua methali hiyo. Fundi hakuisema vibaya rangi. Aliinama tu kwenye nipo za grisi, zile chuchu ndogo ambapo bomba la grisi hubanwa, akaikwangua moja kwa ukucha. Rangi ilikuwa imeiziba mdomo. Maana yake tangu siku ya kupakwa rangi hakuna aliyeipa grisi, na rangi yenyewe ilishaanza kupauka upande wa jua. Sijawahi kusoma tarehe iliyoandikwa waziwazi zaidi ya ile.

Nilidhani ataanza na visu, kwa kuwa visu ndivyo vinavyofanya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye propela, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaangalia kichwa cha bolti. Juu yake palikuwa na nambari zilizoinuka: 10.9. Hizo ni alama za ugumu. Bolti laini ya kawaida huwa 4.6, 8.8 ni ngumu, 10.9 ni ya kufungia vitu ambavyo hutaki viachane kamwe. "Hii si yake," alisema. Mzee wa stoo aliangalia nje.

Hapo ndipo nilipoelewa mpangilio wa ukaguzi wake, ambao nauona ni wa kufuata kuliko orodha yoyote ya mambo ya kuangalia. Bolti ikikataa kukatika, lile pigo la kisiki halipotei. Linatafuta njia nyingine. Linapanda kwenye krosi za propela, linaingia kwenye shafti ya gia boksi, linapita kwenye meno, linashuka kwenye beringi za chini, linatikisa bolti zinazoshika gia boksi kwenye bati, linachana bati. Likikosa pa kutokea huko, linarudi nyuma hadi ndani ya trekta yenyewe. Fundi alilifuata pigo hilo kituo kwa kituo, kama mtu anayeuliza habari za mgeni aliyepita kijijini jana.

Krosi ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili ilicheza. Propela ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Aliyavuta kuona yanaingiliana kiasi gani, kwa kuwa yanatakiwa yabaki yamepishana angalau theluthi moja hata slasha ikiwa imeshushwa kabisa. Yalipishana vizuri. Ila kinga ya plastiki inayofunika shafti haikuwepo hata kipande, na shafti inayozunguka wazi imekwishaua watu kwa kukamata upindo wa koti au kanga.

Akahamia kwenye gia boksi. Aliishika shafti yake kwa mikono miwili akaigeuza taratibu huku na huku. Kila gia boksi ina nafasi kidogo kati ya jino na jino. Kinachotafutwa ni nafasi iliyozidi, au mahali pamoja kwenye mzunguko panapokwaruza kuliko pengine, ishara ya jino lililomeguka. Aligeuza mzunguko mzima akiwa amefumba macho. Kisha akafungua nati ya kuwekea mafuta, akachovya kipande cha waya. Mafuta meusi si tatizo, ni uzee. Meupe kama maziwa yameingiwa na maji. Yenye vichenga vinavyometa yamebeba chuma cha meno. Waya ulitoka na kitu kizito, cha kahawia, kisichodondoka: mtu alikuwa ameijaza grisi badala ya mafuta.

Grisi haivuji upesi. Ndiyo sababu huwekwa pale ambapo sili ya chini imekwisha na mwenye mashine hataki doa lionekane sakafuni siku ya mnunuzi. Ila grisi haifiki kwenye beringi za juu ipasavyo, hujisogeza pembeni ikayaacha meno yakisagana makavu. Kwa hiyo anayeificha sili ya bei ndogo anaiua gia boksi ya bei kubwa, na kwa muda wote huo sakafu ya banda ni safi.

Ili kuiona sili ilibidi iangaliwe kutoka chini, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee aliita kijana awashe trekta iliyokuwa imefungwa kwenye slasha, mikono ya haidroliki ikaiinua hewani, naye akatukaribisha kwa kiganja. Fundi hakusogea. Kinachoiweka juu wakati huo ni mafuta ndani ya silinda na pete ya mpira. Mpira ukichoka, au kijana akigusa wenzo kwa goti, bati lote linashuka. Aliomba magogo. Yalitafutwa, yakapangwa pembe zote nne, injini ikazimwa, ufunguo ukachomolewa, ndipo akalala chali akajisukuma ndani na tochi. Nimeona watu wengi wakiingia chini ya vyombo vilivyoinuliwa bila hata kutazama juu, na wengi wao bado wako hai. Nadhani hilo ndilo linalowadanganya walio nyuma yao.

Huko chini kulikuwa na habari tele. Kwenye shafti inayobeba visu palikuwa pamezongwa nyuzi za mkonge, kamba ya mbuzi na waya wa uzio, vimebanana hadi vikawa pete ngumu iliyoila sili pembeni. Visu vilikuwa viwili, lakini kimoja kipya na kingine kimekwisha upana kwa kunolewa. Hilo ni kosa ambalo mtu hulifanya akidhani anabana matumizi. Visu hubadilishwa pamoja, vikiwa na uzito mmoja, kwa kuwa katika mizunguko 1,000 kwa dakika tofauti ndogo ya uzito ni nyundo inayopiga beringi bila kupumzika. Makali yenyewe yalikuwa butu, nami nikaona hiyo ni kasoro ya kupunguzia bei. Fundi akacheka huko huko chini. Kisu cha slasha hakitakiwi kikate kwa wembe. Makali membamba humeguka kwenye jiwe la kwanza. Kinakata kwa kasi na uzito, na ukingo wake huachwa na unene wa milimita moja na nusu hivi.

Mwisho aligonga bati kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Sehemu kubwa ililia. Kwenye pembe ambako majani mabichi huganda na kukaa na unyevu, ililalama kwa sauti nzito ya kutu. Na pale gia boksi inaposhikwa, chini ya rangi nyekundu, palikuwa na ufa uliochomelewa vizuri sana, na ufa mwingine umeanza pale chomeleo linapoishia. Mchomeleaji alijua kazi yake. Pigo lilikuwa bado linakuja, basi, likapasua chuma kilicho jirani.

Tulipotoka nje, mzee wa stoo alikuwa ameshaagiza chai. Hakutetea chochote. "Mlipoishika ile bolti nikajua mtaniuliza," alisema. Slasha ile ilikuja shambani mpya, chini ya meneja aliyekuwa na kopo la bolti laini limening'inizwa kwenye fenda ya trekta, na dereva aliyerudi jioni akiwa ametumia nne au tano hakuulizwa neno. Meneja yule akaondoka. Akaja mwenye mkataba wa kufyeka, akaanza kulipa madereva kwa ekari. Bolti za stoo zilipokwisha, kuagiza nyingine kulihitaji fomu, sahihi na safari ya mjini, na dakika kumi za kubadilisha bolti zikawa dakika kumi zilizokatwa kwenye mshahara wa mtu. Siku moja bolti haikukatika tena. Ekari zikaongezeka. "Mwezi ule tulipongezwa," mzee alisema, akamimina chai.

Simlaumu dereva. Mtu anayelipwa kwa ekari ataondoa kila kinachomsimamisha, na kati ya vyote vinavyomsimamisha bolti laini ndiyo rahisi kuondoa. Aliyeweka malipo yale hakuigusa slasha hata mara moja, wala jina lake halimo kwenye ufa wa bati, lakini ukifuata njia ya pigo kwa kurudi nyuma, kupita propela, kupita trekta, kupita dereva, unafika mezani kwake.

Nchi hii ina mfano mkubwa kuliko wetu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, ikaamua kufyeka pori la Tanganyika ilime karanga: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika, mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta vikaitwa Shervick. Mwaka haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa hayafanyi kazi. Mizizi ya pori la Kongwa ilikuwa migumu, udongo wake wa mfinyanzi ukikauka hauingiliki, spea ziko ng'ambo ya bahari. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Lawama zimegawiwa kwa mvua, kwa udongo, kwa mawaziri. Mimi huwa nawafikiria wale waliosimama mbele ya safu za matrekta ya jeshi na kalamu mkononi. Mashine inayouzwa ina sababu ya kuuzwa, na sababu hiyo haipatikani ukiwa umesimama wima. Sehemu ya ardhi ile ya Kongwa baadaye ikawa ranchi ya taifa. Nyasi, ambazo hakuna aliyezipanga, zilikubali.

Jambo moja ni la kushukuru, nalo ni kwamba soko la slasha kuukuu lipo. Lipo kwa sababu ya mikono mitatu nyuma ya trekta, ubunifu wa Harry Ferguson wa Ireland, ambao baada ya hati miliki yake kuisha ukawa wa wote. Slasha iliyotoka Brazili, India au Afrika Kusini inaingia kwenye trekta la Kiingereza kwa pini tatu, na shafti inazunguka 540 kule na huku. Yatima wa shamba moja anapata kwao kwenye shamba jingine. Kuna jambo la kuangalia hapa, hasa kwa wenye matrekta ya zamani sana kama Ferguson TE20, yale ya kijivu yaliyoanza kutoka Coventry mwaka 1946. Kwenye hayo klachi moja inatawala magurudumu na shafti kwa pamoja. Ukiikanyaga usimame, visu vizito vinavyozunguka bado vinaisukuma gia, na trekta inaendelea kwenda mbele na dereva wake anayeshangaa. Kuna kifaa cha kuvalisha kwenye shafti kinachoachia visu vizunguke peke yavyo. Muulize muuzaji kama kipo, kisha angalia mwenyewe.

Bei ya ile ya Muheza ilianzia shilingi milioni tatu na nusu. Fundi hakubishana kwa maneno ya sokoni. Alitaja vitu kimoja kimoja, polepole, akikunja vidole: sili, beringi mbili za chini, krosi moja, jozi ya visu, kinga ya propela, bati la kuimarisha chini ya gia boksi. Meno, alikiri, ni mazima. Alikiri kwa sauti, mzee akasikia, na nadhani kukiri kule ndiko kulikofanya mengine yaaminike. Tukafika milioni mbili na laki mbili, pamoja na mzee kuahidi kutuonyesha duka la bolti za 4.6 mjini Korogwe.

Tulipokuwa tunaifunga mzee akatupa ushauri ambao haukuwa wa mashine. Kabla haijaingia shambani, alisema, mtu apite kwa miguu. Alikulia kwenye kambi ya manamba, baba yake aliletwa kutoka Kigoma na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kukusanya vibarua nchi nzima. Mtu alifyeka mistari kwa mkono, akimaliza kazi ya siku anatiwa alama kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, na alama thelathini ndizo mshahara. Hakuna aliyeyatamani maisha yale. Lakini kila jiwe la shamba lile, mzee alisema, lilikuwa na mtu anayelijua.

Kwa hiyo tumeweka vijana wawili. Wanatangulia siku moja kabla na mapanga na vijiti vyenye matambara mekundu, wanatia alama penye mawe, visiki na vichuguu. Siku ya kazi hawakaribii, kwani miongozo mingi ya slasha hutaka watu wakae umbali wa mita 90 hivi, na ukiona kokoto inavyotoka chini ya bati utaongeza nyingine kwa hiari yako. Jirani yangu anaona ni fedha ya bure kulipa watu wa mapanga baada ya kununua mashine ya kuondoa mapanga. Hajakosea sana, nimejaribu kuipiga hesabu na haijanikalia sawa bado.

Dereva tumekubaliana alipwe kwa siku. Bolti ziko kwenye kopo, hazihesabiwi jioni. Jirani anasema kwa mpango huo nitamkuta amelala chini ya mchungwa. Huenda. Michungwa ya Muheza ina kivuli kizuri, na saa nane mchana hata mimi hulala.